Adui wa Kifua: Jinsi Kiini cha TB Kilivyotambuliwa

Leo nataka tuzungumze juu ya kile kikopo kidogo ambacho muuguzi hukupa kliniki na kukuomba utoe makohozi. Wengi hukiona kuwa kero. Wengine huenda nacho nyumbani na wasikirudishe, kwa sababu ya aibu, au kwa sababu hawaoni makohozi yanaweza kueleza nini. Ukiijua historia ya kikopo hicho, naamini utakiangalia kwa jicho lingine.

Tangu zamani watu waliujua ugonjwa unaomkondesha mtu, unaomkohoza hadi atoe damu na kumlowesha jasho usiku, kisha unamuua. Lakini hawakujua unatoka wapi. Huku kwetu wengi walisema mtu amerogwa. Huko Ulaya nako, madaktari wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa ukoo, kwamba mtoto huurithi kwa mzazi kama anavyorithi sura. Si ajabu kwamba walifikiri hivyo. Baba aliugua, baadaye mama, kisha watoto mmoja mmoja. Jambo ambalo hawakulitilia maanani ni kwamba wote hao walilala chumba kimoja na kuvuta hewa moja.

Mwaka wa 1865 daktari wa jeshi la Ufaransa, Jean-Antoine Villemin, alitoa maelezo ya jaribio lake. Alichukua uchafu kutoka kwenye mapafu ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo, akautia katika miili ya sungura. Sungura wakaugua. Basi ikawa wazi kwamba kifua kikuu huambukizwa. Hata hivyo, madaktari wengi wakubwa hawakumkubali. Alikuwa ameonyesha kwamba kuna kitu, lakini kitu chenyewe hakuweza kuwaonyesha.

Aliyekionyesha ni Mjerumani, Dakta Robert Koch. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu kiini cha TB kina ngozi yenye mafuta kama nta. Vijidudu vingine ukivitia rangi vinaonekana upesi chini ya hadubini, yaani kile chombo cha kukuza vitu vidogo. Hiki kiliikataa rangi. Koch alijaribu tena na tena, mpaka akapata njia ya kukitia rangi ya buluu na kuyapaka mazingira yake rangi ya kahawia. Ndipo akaviona: vijiti vyembamba sana vya buluu, vimelala katika nyama ya mapafu.

Hakuishia hapo. Alivitenga akavilisha majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa moto, ili viote peke yake. Vijidudu vingi huota kwa siku moja au mbili. Hivi vya TB vilimngojesha hadi wiki ya pili. Kisha akavitia katika wanyama wadogo wa maabara waliokuwa wazima, nao wakapata ugonjwa ule ule. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, aliwaeleza madaktari wenzake yote hayo. Aliwakumbusha kwamba katika kila watu saba waliokufa, mmoja alikuwa ameuawa na kifua kikuu. Ndiyo maana kila mwaka tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kati ya waliomsikiliza alikuwa daktari kijana aitwaye Paul Ehrlich. Mwaka huo huo aligundua jambo muhimu: kiini hiki kikishaishika rangi, hakiiachi hata ukikiosha kwa asidi. Ni kama leso nzuri isiyochuja hata uifue kwa sabuni kali. Wajerumani wengine wawili, Ziehl na Neelsen, wakaiboresha njia hiyo, na jina lao limebaki katika maabara zetu hadi leo. Mtaalamu wa maabara huyapaka makohozi kwenye kioo, huyatia rangi nyekundu, huyaosha kwa asidi, kisha hutia buluu. Akiona vijiti vyekundu kwenye buluu, amempata adui. Miaka michache baadaye Ehrlich mwenyewe aliugua, akayapima makohozi yake, na akavikuta vijiti hivyo. Alikwenda Misri kupumzika na akapata nafuu. Ikiwa daktari kama huyo aliyapima makohozi yake, sisi tuone aibu ya nini?

Lakini kumjua adui si kumshinda. Mwaka wa 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa, na wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa hiyo haikuponya. Ilikuja kufaa kwa kazi nyingine: hadi leo hudungwa kidogo kwenye ngozi ya mkono ili kuangalia kama mtu ameambukizwa.

Chanjo ya BCG, ambayo mtoto wako hudungwa mkononi anapozaliwa, ni matunda ya kazi ya Wafaransa wawili, Calmette na Guérin. Mtoto wa kwanza aliipata Paris mwaka wa 1921. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu mara tu baada ya kujifungua, na nyanya aliyebaki kumlea alikuwa na ugonjwa huo huo. BCG huwakinga watoto wachanga hasa na TB kali, kama ile ya ubongo. Haizuii kila TB, kwa hivyo usiseme, "Wangu alichanjwa, hawezi kuipata."

Dawa ya kwanza ya kuua kiini hiki kwa kweli, streptomaisini, ilipatikana mwaka wa 1943. Hata hivyo, kwa miaka mingi mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Hapo ndipo wagonjwa wa Afrika Mashariki walipoisaidia dunia nzima. Kuanzia mwaka wa 1970, utafiti uliofanywa huku kwetu pamoja na Waingereza ulionyesha kwamba dawa nzuri zikichanganywa na kumezwa bila kukatizwa, miezi sita hutosha.

Leo kuna mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka wa 2010. Kwa muda wa saa mbili hivi hutafuta chembe za urithi za kiini chenyewe, na huonyesha pia kama kimekuwa sugu kwa dawa kubwa ya TB, rifampisini.

Kwa mtoto mdogo bado kuna ugumu. Hawezi kutema makohozi, huyameza, na viini vyake huwa vichache. Usishangae basi mhudumu akikuomba choo cha mtoto. Anatafuta yale makohozi yaliyomezwa. Na majibu yakisema hakuna kitu, mtoto bado anaweza kuwa na TB. Daktari atamwangalia uzito, atapiga picha ya kifua, na atauliza ni nani nyumbani anayekohoa. Swali hilo la mwisho lijibu kwa ukweli, kwa sababu jibu lako linaweza kumwokoa.

Kabla hatujaagana, mama, shika haya:

1. Kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku, mtoto kutoongeza uzito au kukosa hamu ya kucheza: nenda kituo cha afya. Usiendelee kununua dawa ya kikohozi dukani.

2. Ukipewa kikopo, suuza mdomo kwa maji, simama nje penye hewa, vuta pumzi ndefu na ukohoe kutoka ndani ya kifua. Mate matupu hayafai.

3. Mtu mzima akipatikana na TB nyumbani, wapeleke watoto wote wakapimwe, hata wasiokohoa. Walio wadogo wanaweza kupewa dawa ya kuwakinga.

4. Dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure. Zimalize zote, hata mgonjwa akinenepa na kurudi shambani.

Fungua madirisha, hewa iingie. Kwaheri ya kuonana.