Nadhira na Kuta za Hatra

Katika nyika ya kaskazini mwa Iraki, kiasi cha kilomita 110 kusini-magharibi mwa Mosul, kuna magofu ya Hatra. Mji huu ulizungukwa na kuta mbili zenye minara zaidi ya 160, na katikati yake lilisimama hekalu kubwa la mungu jua. Walioutamani walikuwa wengi, lakini kwa muda mrefu hakuna aliyeupata.

Kaisari Trajan aliuzingira mwaka 117. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba kila Warumi walipouvamia, radi na mvua ya mawe viliwashukia, na nzi wakajaa katika chakula chao. Trajan akaondoka mikono mitupu. Kaisari Septimius Severus naye alijaribu mwishoni mwa karne hiyo. Wenyeji waliiteketeza mitambo yake kwa mafuta ya nafti, na kwa mujibu wa mwanahistoria Herodian, waliwarushia askari wake vyungu vilivyojaa wadudu wenye sumu. Hata sehemu ya ukuta ilipobomoka, Severus aliwazuia watu wake kuingia, akitaraji mji utasalimu amri. Usiku ule ule wenyeji wakaujenga upya ukuta huo.

Kwa hiyo Hatra ilipoangukia mikononi mwa Waajemi wa ukoo wa Sasani, mwaka 240 au 241, watu walitaka kuelezwa iliwezekanaje. Karne kadhaa baadaye jibu lilikuwa limeshaandikwa katika vitabu vya Kiarabu. Ibn Hisham alilitia katika Sira yake ya Mtume, na Tabari, aliyefariki mwaka 923, katika historia yake kubwa. Jibu lenyewe lilikuwa uchawi na mapenzi.

Tabari anasema mfalme wa Hatra, Dhayzan, alikuwa na binti aitwaye Nadhira. Alipoingia hedhini alipelekwa pembezoni mwa mji, kama ilivyokuwa desturi yao kwa wanawake. Huko akamwona Shapur, mfalme wa Waajemi aliyeuzingira mji, naye Shapur akamwona. Wakapendana. Binti akatuma ujumbe: nitakuonyesha namna ya kuubomoa ukuta, nawe utanipa nini? Shapur akamwahidi ndoa. Siri ilikuwa talasimu iliyoulinda mji. Atafutwe njiwa mwenye alama ya pete shingoni, miguu yake iandikwe kwa damu ya hedhi ya bikira mwenye macho ya buluu, kisha aachiwe. Akitua juu ya ukuta, ukuta utaporomoka. Ikawa hivyo. Ibn Hisham hana njiwa wala damu; kwake binti anaiba funguo chini ya kichwa cha baba yake aliyelewa.

Mwisho wa kisa ni wa kuumiza. Usiku mmoja, baada ya harusi, Nadhira anagaagaa kitandani, usingizi hauji. Shapur anaagiza taa iletwe, na kwenye tandiko linaonekana jani moja la mhadasi. Jani hilo tu ndilo lililomsumbua. Shapur anamuuliza mkewe jinsi baba yake alivyomlea, naye Nadhira anataja hariri, uboho na mvinyo. Kama hayo ndiyo malipo uliyompa baba yako, Shapur anawaza, mimi utanifanyaje? Anaamuru nywele zake zifungwe mkiani mwa farasi, naye anaburutwa hadi kufa. Msomaji wa hadithi ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1835, ya binti mfalme aliyekosa usingizi kwa punje ya njegere, ataitambua ngozi hiyo laini.

Ushahidi ulio karibu zaidi na wakati wenyewe unaelekea kwingine. Kitabu kidogo cha ngozi kinachosimulia maisha ya nabii Mani kinasema aliyeitiisha Hatra ni Ardashir, baba yake Shapur, mwaka ule ule Shapur alipovikwa taji. Maandishi ya Kilatini yaliyopatikana mjini yanaonyesha kwamba miaka ile askari wa Rumi walikuwa ndani ya Hatra. Mji uliokuwa umewashinda makaisari wawili wa Rumi ulikuwa sasa upande wa Warumi, jambo ambalo hakuna mfalme wa Uajemi angelivumilia. Picha za angani nazo zimeonyesha mabaki ya tuta la mzingiro na kambi nje ya kuta. Hiyo ni kazi ya maelfu ya mikono.

Tena binti mfalme halisi tunaye. Mfalme wa mwisho anayejulikana, Sanatruq wa Pili, alikuwa na binti aitwaye Dushfari, na sanamu yake ilisimamishwa mwaka 238, miaka michache tu kabla ya mji kuanguka. Amevaa kilemba kirefu kilichosheheni vito, mkono wa kulia ameuinua kwa ibada. Maandishi ya Kiaramu yanataja jina lake na la baba yake. Hayasemi lolote kuhusu njiwa, funguo wala adui aliyependwa.

Mwaka 2015 wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu walizivunja kwa nyundo sanamu kadhaa za Hatra, mji uliokuwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1985. Hasara hiyo inatosha kutufanya tuwe waangalifu na kidogo kilichobaki. Kisa cha Nadhira kinastahili kuendelea kusimuliwa, kwa kuwa ni kitamu na kimesafiri mbali. Lakini anayekisimulia amtaje na Dushfari, na aseme wazi kwamba Hatra ilishindwa na jeshi la Ardashir, si na moyo wa msichana.