Kunguru, Mbweha na Chumvi ya Katwe

Pale Mpondwe, jirani na Bwera, mto Lubiriha unatenganisha shule za lugha mbili tofauti. Upande wa Uganda mtoto wa Kikonzo hatimaye anafundishwa kwa Kiingereza. Ng'ambo, Kasindi ya Kongo, ndugu yake wa Kinande hatimaye anafundishwa kwa Kifaransa. Mkataba wa mpaka wa mwaka 1910 ndio uliowagawa, ingawa sokoni bado wanapatana bei kwa Kikonzo na Kiswahili. Huyo wa ng'ambo ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kukaririshwa kisa cha kunguru na mbweha cha Jean de La Fontaine, aliyeanza kuchapisha ngano zake Paris mwaka 1668.

Ngano hizo zilikaririwa na watoto wa Ufaransa kwa vizazi, na wafanyabiashara wakalitambua hilo. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann wa Mulhouse alipata hataza ya kuchapa picha za rangi kwa mawe: kila rangi na jiwe lake, karatasi ile ile ikirudishwa mashineni tena na tena. Kufikia mwisho wa karne ya 19, duka la Au Bon Marché, chokoleti ya Poulain na rojo la nyama la Liebig vilikuwa vikigawa kadi za rangi bure. Kadi ya Liebig ilikuwa na sentimita 7 kwa 11, na kwa kawaida seti moja ilikuwa ya kadi sita. Mtoto aliyepata tatu hakumpa mama yake raha mpaka zilizobaki zipatikane.

Postikadi zikafuata. Ufaransa iliziruhusu rasmi mwaka 1873, na mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zimeenea kila mahali, nyingi zikiwa matangazo.

Ngano iliwafaa watangazaji kwa sababu haikuhitaji maelezo. Kunguru yuko juu ya tawi, jibini mdomoni. Mbweha yuko chini, anamsifu. Kila mtu anajua nini kitaanguka. Kisa hicho kimewekwa hata kwenye lebo za jibini ya Camembert, na hapo ndipo kinapopinduka: La Fontaine aliwaonya wanaopenda kusifiwa, lakini lebo inaisifu jibini, kwamba ni tamu kiasi cha mbweha kuitungia hila. Onyo limekuwa tangazo. Ni werevu mkubwa, na ni hasara pia.

Mtu aliyesimama katikati ya kazi hizo mbili, ngano na matangazo, ni mchoraji Benjamin Rabier. Mwaka 1906 alitoa picha za ngano za La Fontaine. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, ng'ombe aliyemchora akapakwa kwenye magari ya kubebea nyama ya askari. Léon Bel, aliyetumikia usafirishaji huo, alisajili jibini ya La vache qui rit mwaka 1921, kisha Rabier akamchorea ng'ombe anayecheka, ambaye leo anajulikana kwa wekundu wake na hereni zilizo makasha ya jibini yenyewe. Nyangumi wa chumvi ya La Baleine naye ni wa mkono wake.

Wala ngano hizo hazikuwa za Ufaransa peke yake. Mwaka 1678 La Fontaine alikiri deni lake kwa Pilpay, mwenye hekima wa Uhindi, ambaye visa vyake Ibn al-Muqaffa alivitia katika Kiarabu karne ya 8 kwa jina la Kalila wa Dimna. Visa hivyo vilifika Zanzibar pia. Edward Steere alipochapa hadithi za huko mwaka 1870, ndani yake mlikuwa na Punda wa Dobi, pamoja na kima anayemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini.

Wilaya ya Kasese, ilipo Mpondwe, nayo ina chumvi yake, ya ziwa la Katwe, iliyogombewa na watawala kiasi kwamba mwaka 1891 Mwingereza Lugard alijenga ngome hapo. Ilibebwa mpaka Kongo bila kadi wala lebo. Mnunuzi aliionja, na jina la ziwa lilitosha. Biashara ya leo inataka picha, na inasikitisha kwamba nyangumi wa Rabier anajulikana Ufaransa ilhali ngano nyingi za Rwenzori bado zinategemea kumbukumbu za wazee. Mfuko wa chumvi ya Katwe una nafasi ya kumchora sungura wa ngano hizo mbele, na nyuma kisa chake chote, bila kupinduliwa, kwa Kikonzo na Kiswahili.