Mkasi na Laini: Historia ya Kupunguza Kadi za Simu

Laini ya simu, yaani kadi ya plastiki yenye chipu inayomtambulisha mteja kwa mtandao wake, ilianza maisha ikiwa kubwa kuliko watumiaji wengi wa leo wanavyodhani. Kadi za kwanza, zilizotengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, na kuuzwa zipatazo 300 kwa kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland, zilikuwa na vipimo vya kadi ya benki: milimita 85.6 kwa 54. Hata hivyo, kilichofanya kazi ndani yake kilikuwa chipu iliyofichwa chini ya bamba dogo la rangi ya dhahabu, na plastiki iliyobaki ilikuwa ya kushikia tu; juu ya ukweli huo ndipo ilipojengwa historia yote ya kupunguza laini kwa mkasi.

Simu zilipopungua ukubwa, laini nayo ikapunguzwa hadi milimita 25 kwa 15, na ndiyo iliyozoeleka Afrika Mashariki kuwa laini ya kawaida. Kwa muda mrefu iliuzwa ikiwa bado imeshikamana na kadi kubwa, mteja akiibandua mwenyewe kwa vidole, kiasi kwamba mtu anaweza kusema kuwa watengenezaji ndio waliomfundisha mteja kupunguza plastiki. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilitoa iPad na iPhone 4 zilizotumia laini ya milimita 15 kwa 12, na mwaka 2012 iPhone 5 ikaja na laini ndogo zaidi, ya milimita 12.3 kwa 8.8, baada ya mvutano mkali kati ya Apple na kampuni nyingine, zikiwamo Nokia na Motorola, mbele ya ETSI, taasisi ya Ulaya inayoweka viwango vya mawasiliano. Katika mabadiliko hayo yote mpangilio wa sehemu za mguso, yaani vipande vya bamba vinavyopitisha umeme na data kati ya laini na simu, haukuguswa, na kwa hiyo mwenye laini ya zamani aliweza kuiingiza kwenye simu mpya kwa kuondoa plastiki peke yake.

Kazi yenyewe ilihitaji utulivu kuliko nguvu. Mkataji alichora mipaka kwa kalamu yenye ncha nyembamba, akifuata laini ndogo ya mtu mwingine au kielelezo kilichochapwa kwenye karatasi, kisha akakata upande mmoja baada ya mwingine, akihakikisha kwamba ile kona ya mshazari, inayoonyesha jinsi laini inavyokaa kwenye trei, imebaki mahali pake. Kwa kuwa chipu hukaa chini ya sehemu ya katikati ya bamba, kunyoa kingo za dhahabu kidogo hakukuwa na madhara, ingawa mkasi uliopita ndani zaidi uliiua laini papo hapo. Ugumu uliosahauliwa na wengi ulikuwa unene: laini ya kawaida ina milimita 0.76 na ile ndogo kabisa 0.67, hivyo mgongo wa plastiki ulipaswa kusuguliwa kwa msasa, la sivyo trei ilikwama. Baadaye mafundi wa simu walipata kikatio chenye umbo la stepla, kilichomaliza kazi kwa kubana mara moja.

Si haki kuiona desturi hii kuwa ubahili. Baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, namba ya simu iligeuka kuwa akaunti ya fedha, na majina ya ndugu na wateja mara nyingi yalikuwa yamehifadhiwa kwenye laini yenyewe, si kwenye simu. Kampuni za simu zilitoa laini mpya yenye namba ileile, lakini mteja alipaswa kufika dukani na kitambulisho, na majina hayo hayakuhamia kwenye laini mpya. Tena aliyetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine alikuwa na kazi ya ziada ya kumtafuta mtu huyo. Mkasi wa fundi ulimwepusha na yote hayo.

Pamoja na hayo, kulikuwa na laini ambazo hata zikikatwa vizuri hazikufaa. Zile za zamani sana zilitumia umeme wa volti 5, ilhali simu za baadaye hutoa volti 3 au 1.8, na nyingine hazikuwa na programu inayohitajika kuingia kwenye mtandao wa 4G, hivyo mwenye simu mpya aliendelea kupata kasi ya zamani na kuilaumu simu.

Desturi hii ilififia kampuni zilipoanza kutoa laini moja iliyochanjwa kwa vipimo vyote vitatu. Sasa inakuja laini ya kielektroniki, ambayo chipu yake imeunganishwa moja kwa moja ndani ya simu na namba huwekwa kwa programu. iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 2022 hazina trei ya laini kabisa.