Mguu Nao Ni Jembe: Habari za Léon Mokuna na Wenzake

Hapa Kolwezi mtu akishuka mgodini hakuna anayeshangaa kwamba mwisho wa mwezi anadai mshahara wake. Lakini kijana akisema ataka kuishi kwa mpira wa miguu, wazee hutikisa kichwa. Husema kwamba mpira ni mchezo, na mchezo haulishi mtu. Basi tuangalie jinsi mchezo huo ulivyopata kuwa kazi, na jinsi watu wa Kongo walivyoingia katika kazi hiyo.

Njia ilifunguliwa na wahamiaji wa Uskoti. Mwaka 1878 mchonga mawe mmoja wa Glasgow, jina lake Fergus Suter, alihamia Darwen, mji wa viwanda vya pamba huko Uingereza. Muda si mrefu aliacha kuchonga mawe, maana watu wa huko walitaka miguu yake kuliko mikono yake. Waskoti walikuwa wamezoea kupeana mpira, hali Waingereza wengi walikimbia nao kila mtu peke yake. Kumlipa mchezaji kulikatazwa, kwa hiyo fedha zilipita kwa siri. Suter akahamia Blackburn Rovers, akatwaa nao Kombe la Uingereza mwaka 1884, 1885 na 1886. Katika huo mwaka 1885 wakuu wa mpira walikubali mwishowe kwamba mchezaji alipwe wazi.

Kwetu Kongo mpira ulikuzwa sana na mapadre. Mjini Léopoldville, Padre Raphaël de la Kéthulle wa shirika la Scheut, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alianzisha vyama vya michezo na kujenga viwanja. Ule uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 sasa una jina lake. Katika Katanga, mwaka 1939 mapadre Wabenediktini wa Elisabethville waliwaundia vijana timu ya Saint-Georges, nayo ndiyo TP Mazembe ya sasa. Lakini wakati wa utawala wa Wabelgiji, weusi walikuwa na ligi yao na weupe yao, na mchezaji mweusi hakuwa na njia ya kuishi kwa mpira.

Ndipo akatokea Léon Mokuna. Alizaliwa mwaka 1928 mjini Léopoldville, akawa mshambuliaji mwenye shuti kali, hata watu wakampa jina la Trouet. Mwaka 1954 alivuka bahari akaenda Ureno kuichezea Sporting ya Lisbon. Mwaka 1957 akahamia La Gantoise ya mji wa Gent, akawa Mkongo wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Ubelgiji. Alikaa huko hadi mwaka 1961. Fikirini jambo hili: nyumbani hakuweza kucheza ligi moja na Mbelgiji, lakini katika nchi ya Wabelgiji wenyewe alivaa jezi moja nao. Tena uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, alikuwa angali Gent. Aliondoka mtawaliwa, sasa akawa raia wa nchi huru.

Mwenzake Paul Bonga Bonga aliingia Standard ya Liège mwaka ule ule 1957. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 1958, 1961 na 1963, na mwaka 1962 ilifika nusu fainali ya Kombe la Ulaya.

Mwaka 1966 serikali ya Mobutu iliwaita nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji. Faida ilionekana upesi. Januari 1968, mjini Addis Ababa, Kongo iliishinda Ghana 1-0 ikatwaa Kombe la Afrika. Bao lilifungwa na Pierre Kalala wa Englebert, yaani Mazembe. Watu walishangilia, nao walikuwa na haki.

Lakini kisha mlango ukafungwa, wachezaji wakakatazwa kwenda kucheza nje. Mwaka 1974 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi na wachezaji wa nyumbani tu. Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni mjini Dortmund, ilikuwa na nani? Na Waskoti, watoto wa nchi ya Suter, wote wachezaji wa kulipwa. Tulifungwa 2-0, golini akisimama Kazadi wa Mazembe. Mchezaji mwingine wa Mazembe, Mwepu Ilunga, alieleza baadaye kwamba walisikia hawatapewa fedha walizoahidiwa, na mioyo ikavunjika. Yugoslavia ikatufunga 9-0, Brazil 3-0.

Mpira haukuwa umebadilika kati ya mwaka 1968 na 1974, wala miguu ya Wakongo haikupungua nguvu. Mtu anayetumwa kazi bila ujira hawezi kuifanya kwa moyo mzima.

Leo njia hiyo yapita kwetu pia. Mwaka 2011 Mtanzania Mbwana Samatta alihamia Mazembe, akatwaa nayo ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2015, kisha Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi kijana wa Manika au Dilala akiingia njia hii, wazazi wasimcheke. Wamfundishe kusoma vema mkataba kabla ya kuutia sahihi. Mguu nao ni jembe, na mwenye jembe apewe sehemu yake ya mavuno.