Rushwa: Dhambi ya Mpokeaji na Mtoaji

Rushwa ni fedha, zawadi au upendeleo unaotolewa ili mwenye dhamana apindishe haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2409) inaihesabu miongoni mwa makosa dhidi ya Amri ya Saba: Usiibe. Mara nyingi mwananchi hujiona mhanga tu. Kumbe anayenunua zamu, hukumu au kura humwibia maskini asiye na cha kutoa. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Mwamini anayedaiwa hongo ili apate haki yake aikatae, atoe taarifa TAKUKURU kwa simu 113. Aliyekwisha kunufaika, toba yake humdai arudishe, kama Zakayo (Lk 19:8).