Kasimwelekeo na mchapuko kutokana na vekta ya mahali

Vekta ya mahali ni vekta inayotoka kwenye nukta ya chanzo hadi pale kitu kilipo. Kitu kikiwa katika mwendo, vekta hiyo hubadilika kadiri muda unavyopita, na huandikwa r(t) = x(t)i + y(t)j + z(t)k, ambapo i, j na k ni vekta zenye urefu wa 1 zinazoelekea pande tatu zisizobadilika. Derivativu ya kwanza ya r kwa muda ni kasimwelekeo, v. Derivativu ya pili ni mchapuko, a.

Maana ya derivativu hapa ni hii: hutafutwa tofauti kati ya mahali kitu kilipo sasa na mahali kitakapokuwa baada ya muda mfupi Δt, kisha hugawanywa kwa Δt. Muda huo ukizidi kupunguzwa kuelekea sifuri, jibu hukaribia vekta moja inayofuata tanjenti ya njia. Urefu wa vekta hiyo ndio spidi. Kwa kuwa i, j na k hazibadiliki, x, y na z hutafutiwa derivativu kila moja peke yake.

Mpira uliopigwa juu, upinzani wa hewa ukiachwa kando, unaweza kuwa na r(t) = 20t i + (15t − 4.9t²) j, kwa mita na sekunde. Basi v = 20i + (15 − 9.8t) j, na a = −9.8 j. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mpira ukifika kileleni mchapuko huwa sifuri. Sivyo: baada ya sekunde 1.53 hivi sehemu ya wima ya v huisha, lakini a inabaki ileile tangu mpira uondoke hadi utue.

Mwendo wa duara unafundisha zaidi. Setilaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya, ilizunguka Dunia karibu na mstari wa ikweta, katika njia iliyokaribia duara, kwa takriban dakika 96 kila mzunguko. Nusu kipenyo R cha njia hiyo, kutoka kitovu cha Dunia, kilikuwa kilomita 6,930 hivi. Tukiandika r = R cos ωt i + R sin ωt j, ambapo ω ni spidi ya pembe, tunapata v = −Rω sin ωt i + Rω cos ωt j, na a = −ω²r. Spidi ni Rω, karibu kilomita 7.6 kwa sekunde, wala haibadiliki. Hata hivyo mchapuko upo, zaidi ya mita 8 kwa sekunde mraba, na alama ya kutoa inaonyesha kuwa unaelekea kitovuni mwa Dunia. Ni mvutano wa Dunia wenyewe, uliopungua kidogo kutoka 9.8 ya usawa wa bahari kwa sababu ya umbali.

Sababu ya jambo hili inastahili kukumbukwa kuliko fomula. Spidi isipobadilika, zao la nukta v·v halibadiliki, hivyo derivativu yake, 2v·a, ni sifuri. Kwa hiyo mchapuko, kama upo, husimama wima juu ya kasimwelekeo na kazi yake yote ni kugeuza mwelekeo.

Kihistoria, mwanasayansi Huygens alichapisha kanuni za mwendo wa duara mwaka 1673, kabla ya mwanahisabati Leibniz kuchapisha kalkulasi yake mwaka 1684. Uandishi wa vekta tunaoutumia leo ulikuja baadaye, kwa kazi ya wanasayansi Gibbs na Heaviside mwishoni mwa karne ya 19.

Tahadhari moja: katika majiranukta ya duara vekta za mwelekeo nazo huzunguka pamoja na kitu, hivyo nazo lazima zitafutiwe derivativu. Hesabu hii ya derivativu hugeuzwa pia: integrali ya a hutoa v, na ya v hutoa r, mradi kasimwelekeo na mahali pa kuanzia vijulikane.