Kamba ya Duara: Kagua Ilipofungwa Kabla Hujashuka

Wachimbaji wadogo wengi wa Geita na Shinyanga hushuka duarani kwa kamba. Ukiwauliza hukagua nini kabla ya kushuka, wengi hujibu: kamba. Ni jibu zuri, lakini halitoshi. Kijana mmoja niliyemhudumia wodini alianguka na kamba ikiwa nzima kabisa. Kilichong'oka ni nguzo iliyoshikilia winchi.

Kwa nini nguzo hung'oka?

Mti huoza au huliwa na mchwa pale unapoingia ardhini, huku juu ukionekana mzima. Udongo wa mdomo wa duara nao hulegea, hasa kwa mvua za Novemba hadi Aprili, mitikisiko ya baruti na uzito wa mawe yaliyorundikwa karibu.

Sababu nyingine ni mvuto wa ghafla. Mtu wa kilo 70 aliyetulia kwenye kamba huivuta kwa uzito wake tu. Akiteleza mita moja au mbili kabla kamba haijakaza, mvuto huongezeka mara nyingi. Ndiyo maana nchini Marekani, wanaosafisha madirisha ya maghorofa marefu hutakiwa kufunga kamba juu ya paa mahali panapohimili karibu kilo 2,270 kwa kila mtu. Mahali hapo hukaguliwa kila mwaka. Tena hutumia kamba mbili, ya kushukia na ya kumdaka mtu akianguka, kila moja ikiwa imefungwa mahali pake.

Kagua hivi kila siku

1. Choma nguzo kwa ncha ya kisu pale inapoingia ardhini. Ikiwa laini, ibadilishwe.
2. Isukume na kuivuta. Ikicheza, usishuke.
3. Tazama nyufa kuzunguka mdomo wa duara. Mawe na kifusi viwekwe mbali.
4. Shusheni kwanza kiroba cha mawe kizito kuliko wewe, pasipo mtu chini. Jaribio hili halithibitishi kwamba nguzo itamudu mtu anayeanguka, bali hufichua iliyo mbovu.
5. Vaa mkanda wa mwili mzima uliounganishwa na kamba ya pili. Kamba hiyo isifungwe kwenye nguzo ileile ya winchi.

Ukiona kasoro, mwambie msimamizi na wenzako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha kazi inafanyika kwa usalama. Najua siku bila mawe ni siku bila hela. Lakini uti wa mgongo ukivunjika, familia nzima hukosa hela kwa miaka.

Mwenzako akianguka

- Usimfuate haraka. Moshi wa baruti na pampu ya mafuta huacha gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ashuke mwenye kifaa cha hewa, au subirini hadi hewa ipimwe. Pigeni simu Zimamoto na Uokoaji, namba 114.
- Kama ananing'inia kwenye mkanda, mwambieni achezeshe miguu. Damu hutuama miguuni na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Akifikishwa mahali salama, mlazeni chali. Asiyepumua aanze kusaidiwa mara moja.
- Kama amefika chini, asivutwe mikono wala kukalishwa. Kichwa, shingo na mgongo vibaki vimenyooka. Mfungeni kwenye ubao kabla ya kumpandisha.
- Panapotoka damu, bana kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia.
- Mfunikeni apate joto. Asipewe chakula wala maji, kwani huenda akahitaji upasuaji.
- Akisema miguu ina ganzi, mwambieni mhudumu wa afya mara mfikapo.

Hata aliyeinuka na kutembea apelekwe hospitali. Damu inaweza kuvuja ndani bila kuonekana. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kizunguzungu, jasho la baridi na mapigo ya moyo ya haraka.

Kesho asubuhi, kabla hujashika kamba, inama utazame shina la nguzo. Ni kazi ya dakika tano.